Leza Ikipiga Jiwe, Atomu Inafanya Nini? Majibu kwa Wasomaji

Barua tulizochagua safari hii zinazunguka jambo moja: mwanga unaopigwa kwa muda mfupi mno na kwa ukali mkubwa, na yale unayoyafanya ndani ya atomu. Tunaanza na swali la biashara kwa sababu ndilo lenye pesa ndani.

Mimi ni negosian, yaani mfanyabiashara wa kati, wa madini hapa Lubumbashi. Kuna depo (nyumba za kununua madini) wanapima kwa mashini ya eksrei, kuna nyingine wanapima kwa bunduki ya leza inayotoa cheche. Gunia ni lilelile, lakini depo ya kwanza wanasema kobalti ni karibu asilimia 3, ya pili wanasema haifiki 2. Nani mwizi? Na hiyo cheche inajuaje kwamba hii ni shaba na ile ni kobalti?
– Papa wa Kampemba

Huenda hakuna mwizi, papa. Tuanze na cheche.

Bunduki ya aina hiyo kwa kawaida hutoa pigo la mwanga lenye nishati ya milijuli 5 hivi ndani ya nanosekunde 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Milijuli 5 ni kidogo sana. Tone la maji likiipokea halipati joto la kusikika kidoleni. Lakini igawe kwa muda wake: milijuli 5 kwa nanosekunde 1 ni wati milioni 5. Sasa lenzi iikusanye kwenye doa la upana wa milimita 0.1, na unapata zaidi ya wati bilioni 60 kwa sentimita mraba. Mawe mengi huanza kugeuka plazma, yaani gesi ya moto ambayo atomu zake zimepoteza elektroni, ukifika wati bilioni 1 hivi kwa sentimita mraba, kwa hiyo bunduki imevuka mpaka kwa mbali. Ndiyo maana unasikia "ta!" na kuona nukta ya bluu-nyeupe, na ukiliangalia jiwe kwa lenzi unakuta kishimo kidogo chenye ukingo ulioungua.

Katika kishimo hicho mikromita chache (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) za jiwe zimegeuka mvuke wa moto kupita nyuzi 10,000. Kwenye joto hilo elektroni za atomu hugongwa na kurushwa kwenye ngazi za juu za nishati, na zinaposhuka hutoa mwanga. Kila elementi ina ngazi zake, kwa hiyo ina rangi zake. Shaba hutoa mistari miwili mikali ya urujuanimno, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 324.7 na 327.4, pamoja na mistari ya kijani kwenye 510.5, 515.3 na 521.8. Kobalti ina mistari mingi; mmoja unaotumika sana uko kwenye 345.3. Ndani ya bunduki mna spektrometa inayotawanya mwanga huo na kupima kila mstari una nguvu gani.

Mashini haisomi palepale. Katika mamia ya kwanza ya nanosekunde plazma hutoa mwanga mweupe wa elektroni zilizo huru, usio na mstari wowote unaosomeka. Hivyo husubiri kama mikrosekunde 1, ndipo inafungua jicho lake kwa mikrosekunde chache. Ikifunguliwa mapema, mistari huzama ndani ya weupe; ikichelewa, plazma imeshapoa.

Sasa tofauti ya vipimo. Mashini ya eksrei hutambua kobalti kwa miale yenye nishati ya elektronivolti 6,930. Chuma nacho kina mwale wake wa pili kwenye 7,060, karibu mno. Programu hujaribu kuitenganisha, lakini kama haikurekebishwa vizuri, sehemu ya chuma inahesabiwa kuwa kobalti, na udongo wetu mwekundu umejaa chuma. Njia ya kujua ni rahisi: mwombe mwenye depo apime unga wa kutu mbele yako. Mashini ikisema humo mna kobalti ya maana, basi inaiongeza hata kwenye gunia lako. Wewe muuzaji utafurahi, lakini kiwanda hakitafurahi, na mzigo ukirudi bei itakatwa.

Leza ina udhaifu wake mwingine: inasoma ngozi tu. Doa ni milimita 0.1 na kina ni mikromita chache. Jiwe lililopakwa malakiti (madini ya kijani ya shaba) kwa juu litasomeka kana kwamba lote ni malakiti, ambayo ikiwa safi ina asilimia 57 ya shaba, na huku ndani ni mwamba mtupu. Jiwe lenye vumbi la kiangazi litasomeka vumbi. Mtu anayeelekeza bunduki kwenye jiwe moja la gunia, akapiga mara moja na kutangaza bei, hajapima gunia.

Ukitaka kipimo kikae sawa, kazi kubwa iko kabla ya kubonyeza kitufe. Chukua vipande kutoka juu, katikati na chini ya gunia, siyo vile vinavyong'aa tu. Vivunje, uvikaushe kwa nyuzi 105 hadi uzito uache kushuka, kwa sababu maji hula nishati ya pigo na kurusha matone kwenye kioo. Ponda, changanya, fanya rundo la duara, ligawe robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya tena zilizobaki. Rudia hadi ubaki na gramu 100 hivi. Saga hadi unga upite kwenye chekecheo la mikromita 75. Halafu gandamiza gramu chache kwa presi ya tani 10 hadi upate kidonge kigumu, laini juu. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanairuka. Unga ulioachwa huru hupeperushwa na mshindo wa pigo la kwanza, na pigo la pili linakutana na vumbi hewani badala ya kufika chini. Namba zinaanza kucheza, halafu inalaumiwa mashini.

Kwenye kidonge, piga kama mara 10 za kusafisha bila kuhesabu, kisha 20 au 30 za kuhesabu, halafu hamia pengine. Sehemu 10 ni idadi nzuri. Sehemu zikipishana sana, rudi kwenye kusaga.

Jambo la mwisho kwako: kama madini yana shaba nyingi, mistari ya 324.7 na 327.4 hudanganya kwa kupunguza. Mwanga huo unapotoka katikati ya plazma, atomu za shaba zilizopoa pembezoni zinaumeza tena, kwa sababu ndiyo rangi hasa inayoziinua kutoka ngazi ya chini kabisa. Shaba ikiongezeka, mstari hauongezeki. Fundi mzuri hutumia 515.3 au 521.8, ambayo huishia kwenye ngazi ya juu isiyo na atomu nyingi za kuumeza. Na mashini iwe imelinganishwa kwa vidonge vyenye kiwango kinachojulikana vya mwamba wa aina ileile. Vidonge vya shaba safi ya kiwandani havitoshi. Omba kidonge kimoja cha kiwango kinachojulikana kipimwe mbele yako kabla ya mzigo wako.

Leza ya nanomita 1,064 ina fotoni (chembe za mwanga) za 1.17 eV (elektronivolti). Kung'oa elektroni ya shaba kunahitaji 7.73 eV. Tulifundishwa kwamba fotoni isiyo na nishati ya kutosha haifanyi kitu hata uziongeze vipi. Mbona cheche inatokea?
– Mwanafunzi wa fizikia, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Ulichofundishwa ni kweli kwa mwanga hafifu. Kwa mwanga mkali, atomu inaweza kumeza fotoni kadhaa kwa tendo moja. Maria Göppert-Mayer alilionyesha hilo kwa hesabu katika tasnifu yake ya Göttingen, iliyochapishwa 1931, lakini haikuwezekana kulithibitisha kwa mwanga unaoonekana hadi leza ilipopatikana 1960. Mwaka uliofuata tu Kaiser na Garrett waliona fuwele ikimeza fotoni mbili mbili.

Fotoni ya kwanza ikifika na nishati pungufu, atomu haina ngazi pale ya kukaa. Inaweza kushikilia nishati hiyo kwa muda usiofika femtosekunde 1 (sehemu ya milioni ya nanosekunde), na kama fotoni nyingine haijafika ndani ya muda huo, mambo yameisha. Ni kama lori lililokwama kwenye matope: watu saba wakisukuma mmoja baada ya mwingine halisogei, wakisukuma kwa pamoja linatoka. Kwa atomu ya shaba iliyo huru na mwanga wa 1,064 unahitaji fotoni 7, na kasi ya tendo hilo hukua kwa kipeo cha saba cha ukali. Ongeza ukali maradufu, kasi inaongezeka mara 128. Punguza kwa nusu, inakaribia kufa.

Lakini tusikupe jibu zuri lisilo la kweli. Ndani ya bunduki ya nanosekunde, njia hiyo si ndiyo mkondo mkuu. Pigo hupata elektroni chache za kuanzia kutoka kwenye uso wenye joto na uchafu wake, na kila elektroni huru huvuta nishati ya mwanga kila inapogongana na atomu. Ikishapata ya kutosha, inang'oa elektroni nyingine. Moja huzaa mbili, mbili huzaa nne. Mizunguko 60 ya namna hiyo inatoka elektroni 1 hadi zaidi ya bilioni ya bilioni. Nanosekunde 1 inatosha kwa mporomoko huo. Hasara yake ni kwamba plazma ikishazaliwa, inafunika jiwe na kumeza mkia wa pigo lenyewe. Ndiyo maana kuongeza milijuli kutoka 5 hadi 10 hakukupi ishara maradufu.

Kwa pigo la femtosekunde 100 hadithi inageuka. Mporomoko haupati muda. Fotoni nyingi kwa pamoja ndizo zinazotawala. Pia pigo linakwisha kabla elektroni hazijapasha fuwele, jambo linalochukua pikosekunde kadhaa (pikosekunde ni sehemu ya elfu ya nanosekunde), na kabla plazma haijainuka kuziba njia. Kishimo kinatoka kisafi, bila ukingo ulioyeyuka. Ukali unaohitajika kwa mapigo hayo ulikuwa unavunja vikuza-mwanga vyenyewe, hadi Donna Strickland na Gérard Mourou walipobuni 1985 mbinu ya kulivuta pigo liwe refu, kulikuza, kisha kulibana tena. Nobeli waliipata 2018.

Ninafundisha fizikia Bukavu. Nimesoma kwamba mwanga wa kudumu hauwezi kuinua zaidi ya nusu ya atomu, lakini pigo fupi linaweza kuziinua zote. Na eti ukiongeza nguvu zaidi, zinashuka! Naomba mnieleze kwa namba.
– Mwalimu, Kadutu

Mwalimu, hili ndilo swali tamu kuliko yote, na linajibika kwa sodiamu.

Chukua atomu yenye ngazi mbili. Mwanga wa rangi inayolingana hauipandishi tu. Uga wa umeme wa mwanga unaizungusha, juu na chini, kwa kasi inayolingana na ukubwa wa uga. Kasi hiyo huitwa ya Rabi, kwa jina la Isidor Rabi aliyeieleza 1937. Zidisha kasi hiyo kwa muda wa pigo, unapata pembe, tuiite eneo la pigo. Uwezekano wa kuikuta atomu juu ni sine ya nusu ya pembe hiyo, kipeo cha pili. Eneo likiwa π, atomu yote iko juu. Likiwa 2π, imerudi chini, kana kwamba hukuipiga. Kwa hiyo ni kweli: ukizidisha nguvu ya pigo la π mara nne, uga unakuwa maradufu, eneo linakuwa 2π, na unabaki na mikono mitupu.

Mwanga wa kudumu unashindwa kwa sababu atomu hujimwaga yenyewe katikati ya mzunguko. Sodiamu ikiwa juu hukaa wastani wa nanosekunde 16. Baada ya kushuka ovyo mara nyingi, mzunguko unapoteza mpangilio na wastani unatulia kwenye nusu. Pigo lazima liishe mapema, kabla ya hizo nanosekunde 16 kuanza kuhesabika.

Namba sasa. Kwa mruko (kupanda kwa elektroni kutoka ngazi hadi ngazi) imara zaidi wa mstari wa 589.0, pigo la nanosekunde 1 linafika π kwa ukali wa wati 33 hivi kwa sentimita mraba. Fupisha mara 10, hadi pikosekunde 100, na unahitaji uga mara 10, yaani ukali mara 100: kilowati 3.3 kwa sentimita mraba. Tazama pia nishati: ukali umepanda mara 100, muda umeshuka mara 10, nishati imepanda mara 10. Ufupi unalipiwa.

Kwa nini basi mtu afupishe? Kwa sababu ya upana wa rangi. Pigo fupi haliwezi kuwa na rangi moja. Kwa pigo lenye umbo la kengele, muda ukizidishwa kwa upana wa masafa haushuki chini ya 0.44. Pigo la nanosekunde 1 lina upana wa gigahezi 0.44. Atomu za sodiamu kwenye mvuke zinakimbia huku na huku, na kwa athari ya Doppler (mwendo wa atomu husogeza rangi inayoipokea) mstari wao unatanuka hadi gigahezi 1.3 hivi kwenye joto la chumbani; zaidi ya hapo, ngazi ya chini yenyewe imegawanyika mbili kwa gigahezi 1.77. Pigo la nanosekunde 1 litakuta sehemu tu ya atomu. La pikosekunde 100, lenye upana wa gigahezi 4.4, linazifikia karibu zote.

Ukilifupisha hadi chini ya pikosekunde 0.85, upana wake unafunika mistari yote miwili ya sodiamu, 589.0 na 589.6, ambayo iko mbali kwa gigahezi 516. Hapo elektroni inainuliwa kwenye ngazi zote mbili kwa pamoja, na atomu inadunda kila pikosekunde 1.9, ambayo ni kinyume cha hizo gigahezi 516. Mdundo huo hupimwa kwa pigo la pili linalocheleweshwa kidogo kidogo. Kila milimita 0.3 ya njia ya ziada ni pikosekunde 1, kwa hiyo vioo viwili kwenye meza inayosogezwa kwa skrubu vinatosha kuchelewesha.

Maabara nyingi hujaribu kuona π na 2π na hazioni kitu ila mteremko laini. Sababu kuu ni kwamba boriti, yaani mwale wa leza, ni kali katikati na hafifu pembeni. Atomu za katikati zikiwa zimefika 2π, za pembeni ziko kwenye π au nusu yake, na wastani unafuta mawimbi yote. Dawa ni kukusanya mwanga kutoka katikati tu kwa kutumia tundu dogo, au kupanua boriti na kuitumia kwenye mvuke mwembamba. Njia nyingine, ambayo sisi tunaipenda zaidi, ni kuteleza kwa rangi: pigo lianze na masafa chini ya yale ya atomu na limalizie juu yake. Likiteleza taratibu vya kutosha, atomu inafuata hadi juu na kubaki huko, hata kama ukali haukuwa sawa kila mahali. Gharama ni pigo refu kidogo na lenye nguvu kuliko la π.

Nina flashi za kamera za zamani. Mtoto wa ndugu yangu yuko sekondari, anataka kuchangamsha mvuke wa sodiamu kwa flashi kisha aone unang'aa. Itawezekana?
– Fundi wa kamera, Birere, Goma

Kwa sodiamu, hapana. Flashi yenye kapasita ya mikrofaradi 100 kwa volti 300 ina juli 4.5, na hiyo ni mara 900 ya bunduki ya leza tuliyoitaja juu. Lakini taa ya zenoni hutawanya mwanga wake kwa mamia ya nanomita, na mstari wa sodiamu ni mwembamba: kama nanomita 0.0015. Kinachoangukia humo hakifiki hata mikrojuli 10, tena kimesambaa kila upande na kwa muda unaokaribia milisekunde 1. Ndani ya milisekunde hiyo sodiamu imepata nafasi ya kupanda na kushuka makumi ya maelfu ya mara. Kwa sodiamu, flashi yako si fupi hata kidogo.

Kwa rubi ni fupi. Kromi iliyo ndani ya rubi humeza mikanda mipana ya urujuani na kijani, kwa hiyo mwanga wa zenoni haupotei ovyo, na ikishachangamshwa hukaa kama milisekunde 3 kabla ya kutoa mwekundu wa nanomita 694.3. Theodore Maiman aliizungushia rubi taa ya flashi na kupata leza ya kwanza, Mei 1960. Kijana atafute kipande cha rubi ya kutengenezwa, akimulike kwa flashi iliyofunikwa kichujio cha bluu, na kupokea mwanga kwa fotodayodi (kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme) iliyofunikwa kichujio chekundu. Kwenye osiloskopu (mashini inayochora umeme unavyobadilika kwa muda) ataona mkia wa milisekunde 3 ukiendelea baada ya flashi kuzima. Akiona mkia unaokwisha pamoja na flashi, kichujio kinavuja.

Wewe fundi unajua hili, ila mtoto hajui: kapasita hiyo hubaki na volti 300 hata betri zikitolewa. Imwagwe kwa rezista ya omu 2,000 yenye wati 5, ihesabiwe sekunde 2, halafu ipimwe kwa multimita kabla ya kuguswa. Bisibisi isitumike; huyeyusha ncha na kurusha chuma usoni.

Pigo fupi kuliko yote linaweza kuwa na urefu gani?
– Mwanafunzi wa sekondari, Bukavu

Makumi machache ya atosekunde. Atosekunde ni sehemu ya elfu ya femtosekunde. Wimbi moja la mwanga wa nanomita 800 lenyewe linachukua femtosekunde 2.7, na pigo haliwezi kuwa fupi sana kuliko wimbi lake, kwa hiyo mapigo ya atosekunde karibu yote yako kwenye urujuanimno wa mbali na eksrei laini. Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier walipata Nobeli ya 2023 kwa kazi hiyo.

Kwenye depo yetu kuna bunduki ya leza na tunapewa miwani ya jua tu. Inatosha?
– Mfanyakazi, Ruashi

Haitoshi, mama. Mwanga wa 1,064 hauonekani, kwa hiyo jicho halipepesi, lakini lenzi ya jicho huukusanya moja kwa moja kwenye retina. Miwani ya jua hukinga mwanga unaoonekana. Wa 1,064 inaweza kuupitisha karibu wote, na gizani mwake mboni hufunguka zaidi. Miwani sahihi imeandikwa kwenye kioo au fremu nanomita inazokinga na kiwango cha kukinga: 1064 na OD 5, kwa mfano, maana yake inapitisha sehemu moja kati ya laki moja. Miwani ya 532 haifai kwa 1,064, hata kama ni ya bei kubwa. Baadhi ya bunduki hutumia nanomita 1,540 hivi, ambazo humezwa na maji ya mbele ya jicho. Retina inasalimika, lakini konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) bado inaweza kuungua.

Bunduki nyingi zina kitambuzi kinachozuia kupiga kama pua haijagusa jiwe. Pale fundi anapokibana kwa utepe wa gundi ili apige haraka, ondoka mbele yake. Malakiti iliyosuguliwa na shaba iliyokatwa hurudisha boriti vizuri kuliko watu wanavyodhani.